Puto Lililomtangulia Speke

Mhadhara uliotolewa New Site, Juba



Naanza na tarehe mbili. Tarehe 31 Januari 1863, mjini Paris, mchapishaji Hetzel alitoa riwaya ya kwanza ya Jules Verne, mwandishi wa miaka 34 ambaye wakati huo alikuwa hajakanyaga ardhi ya Afrika. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita Wiki Tano Ndani ya Puto. Siku 15 baadaye, tarehe 15 Februari 1863, John Hanning Speke na James Grant waliingia Gondokoro, ng'ambo ya Nile, mto huu wetu, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipokaa. Samuel Baker aliyekuja kutoka kaskazini alikutana nao hapo. Pamoja na Wazungu hao wawili walikuwapo watu waliotoka pwani ya Zanzibar kwa miguu, na mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India, akarudi huru, akawa ndiye ulimi wa msafara. Kwa hiyo siku ile Kiswahili kilisikika Gondokoro.

Speke alikuja na habari kwamba ameuona mto ukitoka katika ziwa kubwa na kuelekea kaskazini. Aliuona tarehe 28 Julai 1862, mahali palipo Jinja ya leo. Ulaya ilikuwa bado haijapata habari hiyo. Lakini msomaji wa Paris aliyenunua riwaya ya Verne wiki mbili kabla alikwisha kuuona mto huohuo ukitoka katika ziwa hilohilo, akiutazama kutoka juu, ndani ya kikapu cha puto.

Nimeombwa nizungumze juu ya sayansi iliyomo ndani ya riwaya za kubuni za kisayansi. Ningeweza kuwapeleka kwenye sayari za mbali. Nimeona tuanze na riwaya hii kwa sababu njia yake inapita kwetu, na kwa sababu vifaa vyake vinapimika kwa penseli na karatasi. Riwaya ya namna hii ni hesabu iliyovikwa hadithi, na mimi huisoma kwa swali moja ambalo nitalirudia jioni nzima: nguvu inatoka wapi?

Twende safarini kwanza. Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe wanapaa kutoka kisiwa kidogo jirani na Unguja tarehe 18 Aprili 1862. Puto lao linaitwa Victoria. Wanapita Kaze, yaani Tabora ya leo, wanalivuka ziwa walilolijua kwa jina la Ukerewe, wanavuka ikweta, wanaufuata mto. Kisha wanatua juu ya kisiwa kidogo katikati ya maji, na huko Fergusson anatafuta kitu kwenye jiwe mpaka anakipata: herufi mbili, A na D. Ni herufi za Andrea Debono, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Malta, aliyekuwa akipanda mto huu kutoka Khartoum. Maana yake ni kwamba waliotoka kusini wamekifikia kituo cha mwisho cha waliotoka kaskazini. Ncha mbili za kamba zimeshikana. Baada ya hapo upepo unawachukua magharibi, hadi Senegal.

Verne alijuaje? Alikuwa msomaji, na alisoma ripoti za wasafiri kama karani anavyosoma daftari la mahesabu. Speke alikuwa ameufikia ufuko wa kusini wa ziwa, penye Mwanza ya leo, tarehe 3 Agosti 1858, akatangaza kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Mwenzake Richard Burton alikataa. Kwa upande wa kaskazini, majahazi ya Misri chini ya Salim Qapudan yalifika pande hizi za Gondokoro mwaka 1841, na Giovanni Miani mwaka 1860 alisogea hadi karibu na Nimule na kuchonga herufi za jina lake kwenye mti, mti ambao Speke aliuona alipokuwa akiteremka. Kati ya ufuko wa Mwanza na mti wa Miani palikuwa na nafasi tupu kwenye ramani. Verne aliijaza nafasi hiyo kwa kumfuata Speke. Maji lazima yatoke mahali, na ziwa lenye ukubwa ule lazima liwe na mlango.

Alipokosea, alikosea kwa kukosa taarifa. Ziwa Albert, ambalo Baker alilifikia Machi 1864, halimo katika safari yao, ilhali Nile inapita ndani yake kabla ya kuja kwetu.

Lakini lipo kosa lisilosameheka kwa sababu hiyo, nami sitalipita kimya. Watu wa nchi hii, ndani ya kitabu kile, ni kelele za chini tu. Wanatishia, wanaabudu puto, wanakimbia. Kuna mahali wasafiri wanashambuliwa na nyani, wanadhani ni watu, na mwandishi anauchezea mfanano huo. Mtu aliyepima uzito wa kila nanga na kila biskuti hakujishughulisha hata kidogo kuwapima watu. Angeweza. Msafara wa kweli uliongozwa na watu kama Bombay, waliojua lugha, njia, bei na siasa za kila mji. Mwanafunzi anayekisoma kitabu hiki na akaumia, ana haki ya kuumia. Aendelee kusoma na kalamu mkononi, aandike pembeni.

Sasa tuje kwenye mtambo.

Puto la haidrojeni linapaa kwa sababu ni jepesi kuliko hewa inayolizunguka. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, haidrojeni ya ujazo huohuo haifiki hata gramu 100. Tofauti, kama kilo 1.1, ndiyo uwezo wa kubeba. Haidrojeni ya safari Verne aliitengeneza kwa njia iliyojulikana: chuma chakavu, maji na asidi ya salfa ndani ya mapipa. Hadi hapo hakuna cha kubishana.

Taabu ya maputo yote ya zama zile ilikuwa moja. Ukitaka kupanda, unamwaga mchanga. Ukitaka kushuka, unaachia gesi. Mchanga ukiisha na gesi ikipungua, safari imekwisha, na huwezi kuvuka Afrika hivyo. Fergusson akaja na dawa: usimwage mchanga wala gesi, pasha gesi moto. Gesi yoyote ikipashwa inatanuka. Kwa nyuzi za Selsiasi ni sehemu moja ya 273 ya ujazo wake wa nyuzi sifuri, kwa kila nyuzi moja. Kwa joto la hapa kwetu, ongeza nyuzi 30 na ujazo umekua kwa sehemu moja ya kumi hivi. Puto la Fergusson lilibeba pauni 4,000 kwa jumla, kwa hiyo nyuzi 30 zinampa kama pauni 400 za ziada. Ndiyo maana hakulijaza puto lake hadi pomoni. Aliacha nafasi ya kutanuka. Hiyo ni fizikia safi.

Moto nao? Hapa tazameni bilauri hii iliyoko mezani. Ndani yake ni maji na kijiko kimoja cha magadi ya kupikia. Penseli mbili zimechongwa ncha zote mbili, na betri hii ndogo ya volti 9 imeunganishwa nazo kwa nyaya. Ninyi wa mstari wa mbele mnaona: kwenye penseli ya upande wa hasi viputo vinatoka vingi, kwenye chanya vinatoka vichache. Vingi ni haidrojeni, vichache ni oksijeni, mbili kwa moja, kama maji yenyewe yalivyoundwa. Mkijaribu nyumbani msitumie chumvi ya mezani, kwa sababu upande mmoja utatoa klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia, nayo ni sumu ya mapafu.

Fergusson alibeba maji na betri. Betri inayachambua maji, gesi mbili zinakutana tena kwenye bomba na kuwaka, moto unaipasha haidrojeni ya puto. Kijana anayesoma mara ya kwanza hupiga makofi: maji yamekuwa kuni! Nami nilipiga makofi, nikiwa kidato cha pili. Ilinichukua miaka kuuliza lile swali langu.

Nguvu inatoka wapi? Haitoki kwenye maji. Ukiyachambua maji kisha ukayaunganisha tena, umerudi pale ulipoanza. Kila chembe ya joto uliyoipata uliilipia kwanza kwa umeme. Mlipaji ni betri, na betri ya siku zile ilikula zinki. Ukifanya hesabu ya kikemia, kila kilo moja ya haidrojeni inayotoka inamaliza kilo 32 za zinki, na hapo hujaweka upotevu wowote. Mtambo wote wa Fergusson umetajwa kuwa na uzito wa pauni 700, chini kidogo ya kilo 320. Gawanyeni wenyewe. Hata kama wote ungekuwa zinki tupu, usingepata zaidi ya kilo kumi za haidrojeni kwa safari ya wiki tano. Na joto la kilo moja ya haidrojeni ungelipata kwa kilo tatu tu za mafuta ya taa. Kibatari kingemshinda daktari.

Simdharau Verne kwa hilo. Nimefundisha sheria ya kuhifadhika kwa nishati kwa miaka mingi, na sijapata mfano bora kuliko kosa lake. Mwanafunzi akishaigundua hasara ile kwa mkono wake, hatauziwa kamwe gari linaloendeshwa kwa maji.

Na tatizo alilolitaja lilikuwa la kweli kabisa. Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walituma meli ya angani ya haidrojeni, L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, ipeleke shehena kwa jeshi la Lettow-Vorbeck upande wa Tanganyika. Ilivuka bahari, ikaingia Misri, ikafika Sudan. Mchana jua la jangwani lilitanua gesi, na gesi ikapotea kwa kuachiwa. Usiku baridi ilipoingia, iliyobaki ikasinyaa, na chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 200 kikaporomoka hadi karibu kupiga ardhi. Magharibi ya Khartoum kikapokea amri ya kurudi. Kilirudi Jamboli baada ya saa 95 na karibu kilomita 6,750 bila kutua. Kilichowatesa mabaharia wale usiku ule ni hicho hicho Fergusson alichokuwa akikitafutia dawa.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, nayo ndiyo iliyodumu.

Fergusson hakuwa na usukani. Dai lake lilikuwa kwamba hauhitajiki: pepo za tabaka mbalimbali za anga huvuma kuelekea pande mbalimbali, basi panda au shuka mpaka uupate unaokwenda kwako. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Manahodha wa majahazi walikwenda Uarabuni kwa kusi wakarudi kwa kaskazi, na baina yake walingoja. Busara yao ilikuwa ya majira. Fergusson aliigeuza ikasimama wima: badala ya kungoja miezi, unapanda mita elfu moja.

Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alifika Ziwa Victoria, ziwa lilelile la riwaya, na maputo ya kupimia yenye vyombo vya kuandika joto na shinikizo. Juu sana, yapata kilomita 15 na zaidi, alikuta upepo ukitoka magharibi, mahali ambapo wataalamu waliamini pepo zote hutoka mashariki. Alikuta pia baridi ya zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, juu ya ikweta! Iliwachukua wataalamu nusu karne kufahamu kwamba wao na Berson wote walikuwa wamesema kweli: juu ya ikweta, kwenye kilomita 20 na kupanda, upepo huenda mashariki, kisha hugeuka kwenda magharibi, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Kaskazi na kusi nyingine ipo juu ya vichwa vyetu, na majira yake hayafuati kalenda ya mtu yeyote.

Kisha Julai 2020, Kenya. Kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa intaneti kutoka kwenye maputo yapatayo 35, kwenye kimo cha kilomita 20, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Maputo yale yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakapepea hadi Afrika Mashariki bila injini ya kuyasukuma. Yalisafiri kwa njia ya Fergusson: kompyuta ilichagua tabaka la upepo, puto likapanda au kushuka kulifuata. Ndani ya puto la heliamu mlikuwa na mfuko mwingine. Ukisukumiwa hewa, puto huwa zito likashuka. Hewa ikitolewa, likapanda. Puto ndani ya puto, kama Victoria lilivyokuwa, ingawa Verne aliliweka la ndani kwa ajili ya usalama. Nguvu ilitoka wapi? Kwenye paneli za jua na betri zilizoning'inia chini yake. Swali limejibiwa, deni limelipwa. Mradi ulifungwa mwaka 2021 kwa sababu za kibiashara, na hilo halifuti kwamba wazo la pepo lilifanya kazi.

Mnaona basi. Mtambo ambao Verne alijivunia umekufa. Kile alichokitaja kama nyongeza, tabia ya upepo, kimeishi miaka 157 kikatua Kenya.

Nina riwaya ya pili, na hii nitaisema kwa ufupi kwa sababu nataka tuifanyie kazi. Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi Wanigeria, alichapisha Who Fears Death mwaka 2010, ikashinda World Fantasy Award mwaka 2011. Inatokea Sudan ya wakati ujao, na jangwa lake ni kubwa. Wasafiri wake wanabeba mtambo mdogo unaovuta maji kutoka angani. Hapa watu ni watu: wana mama, wana hasira, wana jina. Kwa hiyo naweza kwenda moja kwa moja kwenye mtambo bila uchungu.

Maji yako hewani kweli. Jioni ya mvua hapa New Site mita moja ya ujazo ya hewa ina kama gramu 20 za mvuke. Januari hupungua hadi nusu. Tuseme mtambo wetu unanasa nusu ya gramu hizo 20. Ili ujaze jerikani moja ya lita 20, inabidi upitishe mita za ujazo 2,000. Ukumbi wa mita 10 kwa 10 wenye dari ya mita 4 una mita 400. Basi kumbi tano za hewa kwa jerikani moja. Hilo linawezekana, feni itafanya.

Gharama kubwa iko kwingine. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo lazima uliondoe. Kwa lita 20 ni sawa na uniti 13 na nusu za umeme. Mashine nzuri ya kupoza huhamisha joto hilo kwa theluthi ya gharama, tuseme uniti nne na nusu. Sasa jerikani hiyohiyo ichoteni kwenye Nile na kuipandisha mita 100 kwa pampu ya kawaida: ni kama sehemu moja ya mia ya uniti. Tofauti ni mara 450. Boza la maji linalopita nje hapa na king'ora chake, pamoja na dizeli yake yote, linapigana vita vyepesi zaidi kuliko mtambo ule.

Lakini wasafiri wa Okorafor wako jangwani, na mto uko mbali, hivyo hesabu ya pampu haiwasaidii. Kitu kimoja wanacho bure: usiku. Anga safi isiyo na mawingu hufyonza joto la kila kitu kilichoachwa wazi chini yake, ndiyo sababu mabati yenu huwa ya baridi alfajiri kuliko hewa yenyewe. Mvuke ukiyagusa, huwa umande. Anga haitozi umeme. Ila ina kipimo chake: mita moja ya mraba haiwezi kukupa lita nzima kwa usiku mmoja, hata hali iwe nzuri namna gani. Jerikani moja, basi, inataka zaidi ya mita za mraba 20 za bati. Hilo ni paa la nyumba ya kawaida ya mtaa huu.

Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa shule jirani. Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, tutakutana uani kwake. Tumeshaosha bati moja lenye eneo la mita mbili za mraba na kulitegemeza kwa mwinamo, na chini yake tumeweka mfereji wa plastiki na chupa. Anayetaka aje na daftari. Tutapima mililita, tutaandika joto la hewa na hali ya mawingu, na tutafanya hivyo kila alfajiri hadi mwisho wa kiangazi. Yule miongoni mwenu anayetaka kuandika riwaya ya safari ya jangwani namwachia namba hizo zote. Bilauri, penseli na magadi vibaki hapa mezani. Anayetaka kurudia jaribio asogee mbele, ila asiwashe kiberiti karibu na viputo mpaka nimfikie.